Vitabu vya Bure vya Kilimo Kwenye Simu: Faida, Hasara na Namna ya Kuvisoma Kabla Hujaingiza Pesa Shambani



Siku hizi karibu kila kijana ninayemtembelea shambani ana vitabu kumi, ishirini kwenye simu. Cha nyanya, cha kuku, cha matikiti, cha vitunguu. Vingi kavipata bure, kapakua mwenyewe mtandaoni au katumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Kisha ananiuliza swali lile lile: "Afisa, nikifuata hiki kitabu kama kilivyo, si nitatoboa?"

Jibu langu huwa si ndiyo wala hapana. Leo nalieleza kwa urefu, maana kitabu ni bure lakini mbegu, mbolea, vibarua na kodi ya shamba si bure.

FAIDA ZAKE

1. Unapata utaalamu wa uhakika bila kulipa

Usidhani cha bure ni cha hovyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linatoa vitabu vyake vingi bure kabisa. Kile cha umwagiliaji namba 56, kilichotoka 1998, mpaka leo wataalamu wanakitumia kukokotoa mmea unahitaji maji kiasi gani. Kuna vijitabu vya Agrodok vya Agromisa ya Uholanzi, vifupi na vyenye michoro, vilivyoandikwa kwa ajili ya wakulima wadogo wa nchi za joto. Kwa Kiswahili lipo jarida la Mkulima Mbunifu, nalo unalipakua bure. Hivi ni vitu ambavyo zamani ungevikuta maktaba ya chuo tu.

2. Unatembea nacho shambani

Umeona doa usilolijua kwenye jani? Unafungua simu, unakuza picha, unalinganisha pale pale. Kitabu cha karatasi kingekuwa nyumbani kabatini.

3. Msingi wa kilimo hauchakai

Mwaka 1911 kilitoka kitabu cha Mmarekani F. H. King kuhusu wakulima wa China, Korea na Japani walivyotunza rutuba ya udongo kwa samadi, mboji na mazao ya jamii ya kunde. Leo kinapatikana bure kihalali kwa sababu haki yake ya kunakili imekwisha. Zaidi ya miaka 100 imepita, lakini hoja ya kurudisha shambani kile ulichokitoa bado iko pale pale.

4. Unakuja kwa mtaalamu ukiwa na maswali

Kijana aliyesoma haniulizi "nifanye nini?" Ananiuliza "mbona kitabu kinasema nafasi ya sentimita 60 na wewe unasema 75?" Hapo tunaongea kilimo.

HASARA ZAKE

1. Vingi ni vya zamani

Kuna vitabu ambavyo ni bure kwa sababu tu vimezeeka. Vile vya mwanzo wa karne iliyopita vinakushauri kupulizia matunda dawa ya risasi na arseniki, ambayo ni sumu kali kwa binadamu. Usiende mbali: hata kitabu cha miaka 15 iliyopita kinaweza kukupoteza. Kitabu cha nyanya cha 2010 cha hapa kwetu hakitakutajia kantangaze, maana mdudu huyu aliripotiwa nchini 2014. Cha mahindi cha mwaka huo hakitajui viwavijeshi vamizi, waliogundulika Afrika mwaka 2016.

Kwenye viuatilifu ndiyo hatari zaidi. Endosulfani ilikuwa dawa ya kawaida kwenye pamba na mboga, na vitabu vingi bado vinaitaja. Mwaka 2011 iliingizwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm. Klorpirifosi nayo iliondolewa kwenye soko la Ulaya mwaka 2020. Kama unalima maharage machanga au pilipili za kuuza nje, kosa moja la dawa linatosha mzigo mzima kukataliwa. Kwa mabaki ya dawa nyingi zisizoruhusiwa, Ulaya inaweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo. Ni kidogo mno, huwezi kubahatisha.

2. Kiliandikwa kwa shamba la mtu mwingine

Kijana mmoja kwenye eneo langu la kazi alisoma kitabu cha bure cha Kimarekani kuhusu vitunguu. Kikasifia aina fulani kuwa inatoa vitunguu vikubwa ajabu. Akaagiza mbegu kupitia ndugu yake aliye huko, akachukua mkopo wa kikoba, akapanda nusu ekari. Akapalilia, akamwagilia, akaweka mbolea. Majani yakanawiri hasa! Miezi ikapita, chini hakuna kitu. Shingo nene kama kidole, kitunguu hakuna.

Kitabu hakikumdanganya. Kitunguu huanza kujaza kulingana na urefu wa mchana. Aina za nchi za kaskazini zinangoja mchana wa saa 14 hadi 16, ambao wao wanaupata wakati wa kiangazi. Sisi tulio karibu na Ikweta mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima. Mbegu ile ingekaa shambani hata mwaka ikingoja. Aina zinazotufaa ni za mchana mfupi, kama Red Creole na Bombay Red. Yule kijana alilipa deni lile kwa kuuza mbuzi.

3. Vipimo vinachanganya

Hili naliona kila msimu. Kitabu kinasema "weka kilo 100 za naitrojeni kwa hekta", mtu anasoma "kilo 100 za urea kwa ekari". Tufanye hesabu pamoja. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo 100 za naitrojeni ni kilo 217 za urea. Hiyo ni kwa hekta. Hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo ekari moja inahitaji kilo 88, yaani chini ya mifuko miwili ya kilo 50. Aliyesahau kubadili hekta kuwa ekari atamwaga mifuko minne na zaidi. Hela imeenda, na mazao yanaweza kuungua.

Vitabu vya Marekani vina galoni na pauni. Galoni yao ni lita 3.8 hivi, pauni ni gramu 454. Badili kabla hujachanganya dawa.

4. Vingine ni tangazo lililovaa koti la kitabu

Unaandikisha namba yako ya simu, unatumiwa kitabu cha kurasa 20. Kurasa 15 ni faida tu, tano za mwisho ni bei za mbegu, miche au banda-kitalu la mwandishi. Hesabu zake ndizo zinazowamaliza vijana. Chukua mfano wa tikiti: mashimo 2,000 kwa ekari, kila shimo miche 2, kila mche matunda 2, jumla 8,000. Zidisha kwa shilingi 1,500, unapata milioni 12. Mtu anaacha kazi!

Sasa ifanye hesabu hiyo kikulima. Sema kila mche umekupa tunda moja la kuuzika: 4,000. Robo imeharibika au imeibwa: 3,000. Umevuna wakati kila mtu amevuna, bei shambani ni 700. Umepata milioni 2.1. Kama uliweka milioni 2.5, umeingia hasara ya laki nne. Sisemi lazima iwe hivyo. Nasema kitabu kisichoonyesha upande huu kimekuficha kitu.

5. Bure nyingine ina gharama ya pembeni

Ukiambiwa upakue programu isiyoeleweka ndipo upate kitabu, achana nayo, simu hiyo hiyo ina hela zako. Na kitabu ambacho mwandishi wetu wa hapa anakiuza shilingi elfu tano, kisha mtu akakirusha kwenye grupu, huo ni wizi. Kesho hataandika kingine.

NAMNA YA KUKISOMA

Kabla hujakiamini, kiulize maswali haya:

- Nani kaandika, na anauza nini? Taasisi ya utafiti, chuo, au muuza miche?
- Kimetoka mwaka gani? Kama hakina mwaka, chukua mambo ya udongo na nafasi, acha kabisa mambo ya dawa.
- Kiliandikwa kwa ajili ya wapi? Angalia mvua, mwinuko na joto. "Panda mwezi wa nne" ya Ulaya si masika yetu.
- Vipimo vyake ni vipi? Andika kwenye daftari lako kwa ekari, kilo na lita.
- Dawa anazotaja zimesajiliwa leo? Zamani vitabu vilikuelekeza TPRI. Sasa kazi hiyo iko TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kwa mbegu, tafuta lebo ya TOSCI.

Kikishapita hapo, bado usikipe shamba lote. Tenga eneo dogo, hata robo ya robo ekari, jaribu ushauri wake pembeni ya njia yako ya kawaida. Andika gharama, pima mavuno ya pande zote mbili. Msimu mmoja wa namna hiyo utakufundisha kuliko mafaili hamsini.

Kwa hiyo soma, tena soma sana. Ila mwenye shamba ni wewe, na kikoba kitakudai wewe, hakitamdai mwandishi. Ukikuta ushauri mpya unaohitaji hela nyingi, mpitie kwanza afisa ugani wa kata yako na simu mkononi, mfungue ukurasa huo pamoja.

Nakutakia msimu mwema.