SAA IKIPOTOKA, HUREKEBISHWAJE?

Watu wengi wa Bunia wameliona jambo hili: televisheni yaonyesha Misa kutoka Roma, mara picha yaganda, kisha yaruka mbele. Mara nyingi kosa ni la mvua au la antena. Lakini huenda likawa la saa, yaani saa ndogo iliyofichwa ndani ya chombo chenyewe.

Saa hiyo ni kipande cha kwatsi, jiwe angavu mfano wa kioo. Likipitishiwa umeme hutetemeka kwa mwendo ulio sawasawa. Katika saa ya mkononi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Enyi wanafunzi, igawanyeni hesabu hiyo kwa 2 mara 15, nanyi mtapata 1: ndiyo sekunde. Saa ya televisheni ya dijiti hupiga mara milioni 27 kwa sekunde.

Walakini joto, baridi na uzee hubadili mwendo wa jiwe. Kosa la sehemu 30 katika milioni laonekana si kitu. Kumbe kwa siku moja lapita sekunde 2 na nusu, nazo ni picha zaidi ya 60! Stesheni ikitangulia, picha hujaa katika ghala ya chombo hata zikamwagika. Ikichelewa, ghala hubaki tupu.

Dawa yake ni nini? Pamoja na picha, stesheni hutuma alama ya wakati, angalau mara 10 kila sekunde. Chombo hulinganisha alama hiyo na saa yake, kikaongeza au kupunguza mwendo kidogo kidogo. Hakifuati kila alama kwa pupa, maana moja yaweza kuchelewa njiani. Hupima nyingi, hutafuta wastani, ndipo hujirekebisha. Alama zikikatika, hushika mwendo mwema wa mwisho. Nasi tukisaidie: tusikiweke juani, wala tusizibe matundu yake ya hewa.

Kanisa nalo lilipata kuona hasara ya kosa dogo. Kalenda ya Julius Caesar ilizidisha mwaka kwa dakika 11 hivi. Karne zikapita bila kurekebishwa, hata Pasaka ikaanza kuachana na majira yake. Basi Papa Gregorio XIII, akisaidiwa na Padre Christopher Clavius, Mjesuiti, aliamuru kwamba kesho yake 4 Oktoba 1582 iwe 15 Oktoba. Siku 10 zikafutwa! Tangu hapo kosa hupunguzwa kwa kanuni: mwaka 1900 haukuwa mrefu, bali 2000 ulikuwa.

Tazama basi tofauti. Kosa lirekebishwalo kila mara halionekani hata kidogo. Lililoachwa karne nyingi lilitaka siku 10 nzima. Ndiyo maana Mama Kanisa hutuhimiza kuchunguza dhamiri kila jioni, kabla ya kulala, tusingoje mpaka Kwaresima. Roho nayo hupotoka kidogo kidogo, na kidogo kidogo hurudishwa.