Kinachoingia Kikombeni

Mwika, mkoani Kilimanjaro, haina shida ya uyoga. Masika yakikolea, huota kwenye visiki na magogo yanayooza vihambani, na anayetaka kulima uyoga aina ya mamama huchemsha majani makavu ya mgomba, huyashindilia kwenye mifuko pamoja na mbegu, kisha husubiri wiki chache tu. Chai ya uyoga ni habari nyingine. Hiyo huja kwenye pakiti kutoka ng'ambo, ikisifiwa kutibu presha, kisukari na hata saratani, na wanaoinunua mara nyingi ni wagonjwa waliokwisha kukata tamaa.

Uyoga unaotajwa zaidi ni ganoderma, ambao Wachina wameutumia kwa karne nyingi. Ni mgumu kama ubao, haulikiki, ndiyo maana hukatwa vipande vyembamba na kuchemshwa kwa moto mdogo saa moja au mbili. Kuta za seli zake zimejengwa kwa kitini, ambayo tumbo la binadamu huisaga kwa shida. Moto wa muda mrefu hutoa sukari changamano ziitwazo beta-glukani, ambazo chembe za kinga ya mwili huzitambua. Triterpeni, zinazoleta ule uchungu, haziyeyuki vizuri katika maji. Wataalamu huzitoa kwa spiriti. Kwa hiyo anayechovya kifuko dakika tatu anakunywa maji ya moto yenye rangi, na bei yake si ndogo.

Je, chai hii inaponya? Mwaka 1977 Japani iliidhinisha krestini, dawa inayotokana na uyoga mwingine, Trametes versicolor, itumike sambamba na matibabu ya saratani. Hiyo ilikuwa dawa iliyosafishwa na kupimwa, chini ya macho ya daktari. Kuhusu ganoderma yenyewe, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, walipitia majaribio yaliyofanyika na mwaka 2012 wakasema ushahidi hautoshi kuifanya tiba ya kwanza ya saratani. Mwaka 2015 hawakuona sababu ya kuipendekeza kwa kushusha hatari ya magonjwa ya moyo kwa wenye kisukari.

Tumeshapita njia hii. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, kilichodaiwa kutibu magonjwa sugu, na wapo waliorudi nyumbani wakaweka kando ARV, dawa zao za kupunguza makali ya UKIMWI. Ndiyo maana nasema bila kusita: mwenye uvimbe usioeleweka atumie fedha ya chai ya uyoga kwa nauli ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi.

Anayependa ladha ya uyoga ale mamama. Una protini na nyuzinyuzi, na supu yake ni tamu. Asichume wa porini asioujua akitegemea moto, kwani sumu ya baadhi ya uyoga haiondoki hata ukichemka kutwa. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, au anayesubiri upasuaji, amweleze daktari kabla ya kugusa ganoderma, kwa sababu inaweza kuzuia damu kuganda.