Mahangaiko ya Moyo na Namna ya Kutulia

Hapa Shari na Bunia pote, kila juma wanafika wagonjwa wanaosema, "Munganga, moyo unanipiga." Moyo wa kila mtu unapiga, lakini tunajua wanalotaka kusema. Moyo unakwenda mbio hata mtu akikaa tu kitini. Usingizi umekimbia, tumbo linasokota, kichwa kinauma nyuma, na mawazo yanazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Tunapima damu, hatuoni malaria. Tunasikiliza kifua, hatuoni kitu. Hapo wengine wanakasirika. Wanafikiri tunawaona waongo, au wanasema, "Basi, huu si ugonjwa wa hospitali, kuna mtu amenifanyia."

Si uongo, wala hakuna mtu aliyekufanyia. Mwili una kengele yake ya hatari. Juu ya kila figo iko tezi ndogo. Ukiona nyoka njiani, ubongo unapeleka habari upesi, na tezi hizo zinamwaga katika damu kitu kinachoitwa adrenalini. Mara moja moyo unapiga mbio kupeleka damu miguuni, pumzi inakuwa fupi, mikono inatoka jasho, kinywa kinakauka, na tumbo linapunguza kazi yake. Hii ni vizuri, kwa maana nyoka yuko na imekupasa kuruka. Nyoka akienda zake, baada ya muda mfupi mwili unatulia.

Shida inaanza wakati nyoka hayuko na kengele inalia bado. Feza ya shule haijapatikana. Mtoto ana homa. Jirani amesema watu wenye silaha wameonekana njiani. Ubongo unapiga kengele ileile. Nayo ikilia miezi na miezi, mtu anachoka, anakonda, anapigia watoto kelele bila sababu.

Watu wa Ituri hawana haja ya kuuliza kengele hii ilitoka wapi. Vita ilitupiga tangu 1999 hadi 2003. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde ilishambuliwa, na wagonjwa waliuawa vitandani mwao. Tangu Desemba 2017 watu wengi wa Djugu walikimbia tena na kulala kambini. Tena mwaka 2018 Ebola ilianza katika Kivu ya Kaskazini na kuingia kwetu, na ilipotangazwa kwisha Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Shirika la Afya la Dunia lilieleza mwaka 2019 kwamba katika nchi zilizopigwa na vita, karibu mtu 1 katika 5 ana ugonjwa fulani wa akili, na mahangaiko ni moja la magonjwa hayo. Basi mama anayeruka kila pikipiki inapopiga mshindo hana wazimu. Mwili wake umejifunza jambo, na haujasahau.

Hapa nataka kusema neno kwa sisi watu wa kanisa. Wengi wanaficha ugonjwa huu kwa sababu ya haya. Wanaogopa kuambiwa hawana imani, au kwamba wana zambi iliyofichwa. Nimesikia watu wakimwambia hivyo mama aliyezika watoto wawili. Maneno kama hayo yanaongeza mzigo. Someni habari za Eliya katika 1 Wafalme sura ya 19. Nabii huyu alikuwa ametoka kufanya kazi kubwa ya Mungu, na bado aliogopa, akakimbia, akaomba afe. Hakukemewa kwanza. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, akapewa mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye. Mimi kama munganga napenda sana utaratibu ule. Kwa hiyo ninaomba wazee wa vyumba vya maombi: mtu asiyelala na asiyekula, msimfungishe chakula siku tatu, wala msimkataze dawa zake. Mwombeeni akiwa ameshiba.

Sasa tuangalie mambo ya kufanya. Kwanza ni pumzi, maana haina bei. Mtu anapoogopa anapumua upesi upesi kwa kifua, naye anafikiri hewa haitoshi, kumbe anaitoa kupita kiasi. Ndiyo sababu vidole vinakufa ganzi, midomo inachomachoma, na kichwa kinazunguka. Kaa chini, weka miguu yote miwili juu ya udongo, weka mkono juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua polepole, ukihesabu hadi 4, na tumbo liinue mkono wako. Kisha itoe polepole zaidi, ukihesabu hadi 6. Fanya hivi dakika 5. Ile kutoa hewa polepole ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo. Ujizoeze asubuhi na jioni ukiwa mtulivu, kwa sababu mtu hajifunzi kuogelea siku anapoanguka mtoni.

Woga mkubwa ukija ghafula, mpaka unafikiri unakufa, ujue kwamba mara nyingi unafika juu kwa dakika 10 hivi, halafu unashuka wenyewe. Taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona: sufuria, mlango, kuku, jembe, nguo kwenye kamba. Sikiliza mvua juu ya mabati. Mawazo yako yatarudi mahali ulipo.

Juu ya usingizi, kahawa yetu ni nzuri, lakini inywe asubuhi. Baada ya saa tano karibu nusu ya nguvu yake ingali mwilini. Pombe inaleta usingizi wa kwanza, kisha inamwamsha mtu saa nane za usiku moyo ukipiga kuliko mbele. Na simu! Siku hizi habari za kutisha zinafika kitandani. Mtu anatuma sauti kwamba adui wamevuka, naye hakuona kitu. Amepokea kwa mwingine tu. Ndani ya nyumba chagueni mtu mmoja wa kufuata habari, mara mbili kwa siku, naye aulize, "Nani aliona kwa macho yake?" Wengine wazime simu zao saa mbili za usiku.

Lakini pumzi hailipi deni. Kwa jambo hili tunaweza kujifunza kwa watu wa Zimbabwe. Kule mjini Harare, katika mtaa wa Mbare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na wamama wazee 14 karibu na mwaka 2006. Nchi ilikuwa na madaktari wachache sana wa namna yake, basi aliwafundisha wamama hawa kukaa juu ya benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu. Ugonjwa wanauita kwa lugha yao kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, sawasawa na sisi tunavyosema "mawazo mingi". Kipimo kilichotangazwa mwaka 2016 kilionyesha kwamba waliokaa juu ya benchi walipona zaidi kuliko waliopata matunzo ya kawaida.

Wamama hao wanamwacha mtu aseme shida zake zote. Halafu wanamwuliza, "Katika hizi, tuanze na ipi?" Anachagua moja, na pamoja wanatafuta hatua ndogo ya kufanya juma hili. Tuseme mama anayeuza sombe sokoni ana deni, bwana wake hayuko, mtoto amefukuzwa shuleni, na paa inavuja. Akiyashika yote kwa mara moja usiku, hawezi kitu. Akichagua shule, hatua ya juma ni kwenda kwa mkurugenzi kuomba alipe kidogo kidogo. Kazi hii mama wa kanisa anaiweza, kama anajua kunyamaza na kutunza siri. Bila siri, benchi inakuwa soko.

Wako wanaonunua diazepamu sokoni, kidonge kimoja kimoja. Inalaza, ndiyo. Lakini baada ya majuma machache mwili unaizoea na kuitaka zaidi, na ukiiacha ghafula baada ya kuinywa siku nyingi unaweza kuanguka kifafa. Kama umeizoea, usiitupe leo. Njoo kwa munganga aipunguze polepole. Dawa nyingine ziko, za kunywa kila siku, ambazo zinachukua majuma kadhaa mbele ya kusaidia. Wengi wanaziacha siku ya tano wakisema hazifai.

Usijipime mwenyewe nyumbani. Upungufu wa damu, rovu la shingo na malaria vinaweza pia kupigisha moyo mbio. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda kilima yanataka munganga upesi. Aliyenajisiwa aje mbele ya saa 72 kwisha, maana dawa ya kuzuia UKIMWI inafaa ndani ya muda huo tu, na kila saa inayopita inapunguza faida yake.

Na mtu akisema anataka kufa, au anaanza kugawa vitu vyake, usimwache peke yake hata usiku mmoja. Mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Ondoa nyumbani dawa ya wadudu wa shamba, kamba na visu, ukae naye, na asubuhi mje pamoja. Akiwa amekwisha kunywa kitu, msingoje asubuhi. Mchukueni na chupa yenyewe, ili tujue alichokunywa.