Ukivuka Rusumo, Kumbuka Wewe ni Mgeni



Mkristo wa Nyamiaga, wilayani Ngara, anaweza kunywa chai ya asubuhi nyumbani kwake na kula chakula cha mchana nchi nyingine. Rusumo iko jirani, na ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda. Ukipita Kabanga, unaingia Burundi. Tunavuka kwa harusi, misiba, biashara na mikutano ya injili. Na kwa kuwa Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, ni rahisi kusahau kwamba umekuwa mgeni.

Mimi nilisahau. Miaka kadhaa iliyopita nilivuka Rusumo pamoja na wanakwaya wenzangu. Mama aliyetupokea alituandalia ugali, maharage na maziwa. Tukiwa tunacheka mezani, nami nikiwa na mazoea yetu ya utani wa makabila, nikamuuliza: "Mama, wewe ni kabila gani?"

Kicheko kikakatika. Akaweka kikombe chini, akasema kwa upole: "Sisi ni Wanyarwanda, mwanangu." Kisha akaenda jikoni, akakawia kurudi.

Kwetu swali lile huleta vicheko. Kwao, mwaka 1994, kabila lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho, na kwenye vizuizi vya barabarani neno hilo moja liliamua nani aishi na nani afe. Nyarubuye, upande ule ule wa mpaka wetu, watu walikimbilia kanisani na wakauawa huko huko. Sikuwa na nia mbaya, lakini anayekukanyaga bila kukusudia anakuumiza vilevile.

Fungua Biblia yako, Hesabu 20:14-21. Waisraeli wanataka kupita nchi ya Edomu. Musa hakuwaambia waingie tu kwa kuwa Mungu yuko pamoja nao. Alituma wajumbe kuomba ruhusa, akaahidi kwamba hawatapita mashambani wala kwenye mizabibu, hawatagusa visima, na hawataiacha njia kuu. Walipokataliwa, wakaahidi kulipia hata maji watakayokunywa wao na mifugo yao. Edomu akakataa tena. Basi taifa teule likageuka, likazunguka njia ndefu. Katika Kumbukumbu la Torati 2:4-6 Mungu mwenyewe anawaonya kuhusu wana wa Esau: hawa ni ndugu zenu, msiwachokoze, na chakula chao mkinunue kwa fedha.

Udugu, basi, hauondoi adabu, bali unaidai zaidi.

Nasi watu wa Ngara tunalielewa hilo kuliko wengi. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takribani saa 24, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benaco ikageuka mji. Wazee wetu waliwapokea, na wanakumbuka jinsi miti ilivyokwisha kwa kuni na maji yalivyokuwa ya kugombania. Wale walikuwa wanakimbia kifo, hatuwalaumu. Lakini Kutoka 23:9 inawakumbusha Waisraeli kwamba wanaujua moyo wa mgeni. Sisi tunaujua pia moyo wa mwenyeji. Tukivuka kwa hiari yetu, tukiwa na pasipoti mfukoni na nauli ya kurudi, tuna udhuru gani wa kukanyaga ovyo?

Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, uliza. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, miaka 11 kabla yetu; usiifiche kwenye begi. Magari hupita kulia. Angalia kabla ya kuvuka barabara. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wao hufanya kazi za pamoja, umuganda. Usilalamike kwamba maduka yamefungwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lishike. Ukiwa huko kuanzia tarehe 7 Aprili, nchi iko katika maombolezo. Punguza sauti ya muziki wako. Kwenye kumbukumbu za mauaji, simu ikae mfukoni, usijipige picha. Na ukikaribishwa nyumbani, Luka 10:8 inatosha: kula ulichoandaliwa, bila kulinganisha na cha kwenu.

Jioni ile nilimfuata yule mama jikoni nikamwomba radhi. Alinisogezea kigoda. Baada ya kimya kirefu akaanza kunisimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Sitaandika aliyoniambia, ni yake. Nilichojifunza ni kwamba mlango nilioupiga teke mezani ulifunguliwa nilipokaa chini na kunyamaza.

Safari yako ijayo, mpendwa, utaingiaje kwa watu?

Jumapili njema.