Mji Mahiri na Istilahi za Kutathmini Utayari Wake

Miongoni mwa dhana zilizoingia katika mipango ya miji yetu ni ile ya mji unaotumia mitambo ya habari katika kujiendesha: mabasi ambayo mahali yalipo hujulikana kila dakika, taa zinazopunguza mwanga barabara ikiwa tupu, na mifereji yenye vihisi vinavyotoa taarifa maji yanapopanda. Kabla mji haujaianza kazi hiyo, hapana budi kuchunguza kama ardhi na miundombinu yake vinaweza kuipokea. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi za uchunguzi huo. Mifano yetu mingi ni ya Dar es Salaam, ambako sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 watu 5,383,728.

Tuanze na jina la mji wenyewe. Wengi huandika "mji janja" kwa kufuata "simu janja". Mitaani mjanja husifiwa kuwa ni mtu asiyedanganyika. Lakini katika hadithi zetu, kuanzia zile za Sungura, ujanja ni hila ya kumshinda mwenzio. Mji unaokusanya habari za wakazi wake haufai kupewa jina la kuwatia shaka. "Mji mahiri" lafaa zaidi, kwani umahiri ni ustadi upatikanao kwa mafunzo na mazoezi. Jina hilo lenyewe latukumbusha kwamba maandalizi hutangulia.

Dhana ya pili ni utayari, nao una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza yahusu vitu vilivyojengwa: barabara, nguzo za umeme, mabomba, mifereji na mkongo wa mawasiliano. Kuiita "utayari wa kimaumbile" kwapotosha, maana maumbile ni yale yasiyofanywa na mtu, kama bonde na mto. Twapendekeza "utayari wa miundombinu". Sehemu ya pili yahusu jinsi watu na vitu hivyo vilivyokaa katika ardhi: upana wa vichochoro, umbali wa nyumba na kituo cha basi, na matumizi ya kila eneo. Ikiitwa "utayari wa nafasi", msomaji wa kawaida atafikiri nafasi za kazi. Hii na iitwe "utayari wa mpangilio".

Sehemu hizo mbili zisichanganywe. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yalipewa njia yao wenyewe na vituo vyao. Lakini njia hiyo hupita Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na mara kadhaa mafuriko yamesimamisha safari. Miundombinu ilikuwapo, mahali ilipokaa ndipo palipokuwa na kasoro. Mchunguzi anayetoa alama moja kwa yote mawili huificha kasoro ya namna hiyo. Kwa upande mwingine, Konza nchini Kenya, mradi uliozinduliwa mwaka 2013 katika eneo la ekari zipatazo 5,000, ulianza na mpangilio kabla ya kuwa na wakazi. Miji yetu mingi imetangulia kuwa na wakazi.

Kwa hiyo yafaa pia kutofautisha kupanga na kutambua. Mtaa usiopangwa si lazima uwe mtaa usiojulikana. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walichora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko, wakaonyesha nyumba, njia na mifereji. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima ilifanya operesheni ya anwani za makazi. Kazi hizo hazikupanua kichochoro hata kimoja, wala gari la zimamoto halipiti palipokuwa hapapiti. Lakini zilifanya mahali paweze kutajwa na kufikiwa.

Limebaki neno la kazi yenyewe. "Kupima utayari" kwachanganya, kwa kuwa katika mambo ya ardhi kupima ni kuweka mipaka ya viwanja. "Tathmini" ni bora, ila nayo ina mzigo wake: mkazi anayeambiwa kwamba nyumba yake itafanyiwa tathmini huelewa kwamba inathaminiwa ili alipwe fidia na kuhama. Afisa akifika na fomu akatamka neno hilo peke yake, atapewa majibu ya mtu anayetetea paa lake, na takwimu zake hazitafaa. Basi isemwe kwa ukamilifu "tathmini ya utayari", na kazi ya kukadiria thamani ya mali iachiwe neno "uthamini". Kabla ya fomu kufunguliwa, mkazi aelezwe tofauti hiyo.

Kwa muhtasari, twapendekeza:

Mji mahiri: mji unaotumia habari zake wenyewe kuboresha huduma.
Utayari wa miundombinu: uwezo wa vitu vilivyojengwa kupokea mitambo hiyo.
Utayari wa mpangilio: kufaa kwa mkao wa watu, majengo na njia katika ardhi.
Utambuzi wa makazi: kuweka nyumba na njia katika ramani na kuzipa anwani.
Tathmini ya utayari: uchunguzi wa hayo yote, usiohusu fidia.
Uthamini: ukadiriaji wa thamani ya mali.