Sitara ni ya Mtoto, si ya Mhalifu

Mtoto anapodhulumiwa mwili wake, jamii hupata majukumu mawili: kumfichua aliyetenda na kumsitiri aliyetendewa. Wengi wetu huyageuza. Jina la mhalifu hunong'onwa, kwa kuwa ni jirani au mtu wa heshima. Jina la mtoto huenea mtaa mzima kabla ya adhuhuri.

Sheria haina utata. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Watoto nayo inakataza, katika kesi inayomhusu mtoto, kutangaza jina lake, picha yake, makazi yake, skuli yake, na hata habari za wazazi na jamaa zake.

Lakini jina si njia pekee ya kumtambulisha mtu. Runinga yaweza kuufunika uso wa mtoto, kisha ikaonesha nyumba yao na kumhoji mamake uso wazi. Gazeti moja laweza kumtaja mshtakiwa kwa jina, na jingine likaandika kwamba mshtakiwa ni baba wa kambo. Aliyesoma yote mawili amekwisha kumjua mtoto. Kwa hiyo mwandishi mwadilifu hujiuliza: je, jirani akiyasoma haya atamtambua? Akiona atamtambua, huliondoa neno hilo, na habari haipungukiwi na ukweli wake.

Nasi wasomaji tusijitoe lawamani, kwani leo kila mwenye simu ni mtangazaji. Video ya mtoto akisimulia huku analia husambazwa katika makundi ya WhatsApp kwa kisingizio cha kumwombea dua, na ikishatoka hairudi. Binti wa miaka 9 leo, kesho ataposwa, na video ile ingalipo.

Hata hivyo, wapo wanaolitumia neno sitara kuizika kesi. Wazee hukutana, fidia hulipwa, mtoto akaambiwa anyamaze asiiaibishe familia. Huko ni kumsitiri dhalimu. Mafundisho ya kusitiriana hayakuja kuifuta haki ya aliyedhulumiwa. Jinai hii ipelekwe polisi, na mtoto afikishwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi. Nambari 116 hupigwa bila malipo kwa msaada wa watoto.

Enyi akina mama, mwandishi akibisha hodi mna haki ya kukataa picha na mahojiano, na kukataa huko hakuiharibu kesi. Ushahidi wa mtoto mahali pake ni polisi, hospitali na mahakamani. Na video ya namna hiyo ikiwafikia, msiitume kwa mwingine. Mwambieni aliyeituma kwamba anamdhulumu mtoto mara ya pili.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.