Je, Wajua? Dawa ya Maumivu Inaweza Kuongeza Maumivu

Mofini hutuliza maumivu makali. Lakini mtu akiitumia kwa muda mrefu, mwili wake unaweza kugeuka, akawa anaumia upesi kuliko alivyokuwa kabla ya kuianza.

Maumivu hayo hayabaki yalipoanzia. Aliyekuwa akiumwa kiuno huanza kuumwa mapaja, mgongo, hata mwili mzima. Shuka tu ikimgusa, anaruka. Dozi ikiongezwa, hali huzidi kuwa mbaya, na hapo ndipo wengi huingia mtegoni.

Watafiti huipima hali hii kwa maji ya barafu. Unatumbukiza mkono, saa inahesabu. Wanaotumia methadoni kila siku, nayo ni ndugu wa mofini, huutoa mkono mapema kuliko wasioitumia.

Kwa nini? Neva za uti wa mgongo, zikinyamazishwa kila siku, hujibu kwa kuipaza zaidi habari ya maumivu inayopanda kwenye ubongo.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1870 daktari Mwingereza Clifford Allbutt, yule yule aliyebuni kipimajoto kifupi cha hospitalini, aliuliza kama sindano za mofini hazikuwa zikichochea maumivu yale yale zilizokusudiwa kuyatuliza.

Mara nyingi nafuu huja dozi ikipunguzwa, polepole na chini ya uangalizi wa daktari. Kuacha ghafla huleta kuharisha, jasho na kukosa usingizi. Na mgonjwa wa saratani asinyimwe mofini yake kwa sababu ya habari hii.